Njia za Baba Bazilio na Mwamba wa Mto Nyakabingo

Baba yetu mpendwa, Bazilio. Mwaka umezunguka ukatimia tangu asubuhi ile ya Alhamisi, tarehe 17 Machi 1977, ulipotutoka. Masika yamerudi, mahindi yamefika kiunoni, na mama bado anakuwekea kiti chako karibu na mlango. Hatumkatazi.

Mimi binti yako Immakulata ndiye ninayeandika kwa niaba ya wote. Niliomba mwenyewe kazi hii. Kuna jambo nililokuficha, baba, na sitaki mwaka wa pili uanze likiwa bado moyoni.

Wasiokufahamu wajue kwamba kwa miaka ishirini na miwili ulikuwa mchanjaji wa ndui. Ulizunguka Buha kwa miguu, mkoba wa chanjo begani, toka Kasulu hadi Kibondo, toka vilima vya mpakani hadi mabondeni kwa Malagarasi. Watoto walikukimbia wakilia. Walipokuwa watu wazima, hao hao walikunja mikono ya mashati njiani wakuonyeshe kovu, nanyi mkacheka pamoja.

Ulipostaafu, miguu yako haikukubali kustaafu. Kila aliyetaka kusafiri alipita kwanza kwetu akuulize. Nawe hukumjibu mtu kabla ya kumwuliza yeye: umebeba nini, unaongozana na nani, goti lako likoje? Hukuhesabu maili. Ulisema, “Hiyo ni njia ya viazi viwili,” yaani mtu akila viazi vitamu viwili vya kuchemsha, atafika bila njaa.

Namkumbuka Bwana Abbasi, mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini. Alitaka kwenda kumwona dada yake aliyeolewa Kibondo, na malori yalikuwa yamekwama matopeni siku ya nne.

“Mzee Bazilio, nipe njia fupi,” alisema.

“Fupi kwa nani?”

“Kwangu mimi hapa.”

Ulimtazama tumbo, ukamtazama viatu. “Kwako wewe, Bwana Abbasi, njia fupi ni ile ndefu.”

Alicheka, lakini alikusikiliza. Aliporudi alikuletea kofia, akawa anawaambia wateja wake kwamba huko ulikomwelekeza kuna upepo mzuri kuliko popote alipowahi kulala.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini kando ya barabara. Sisi pia tulihama. Njia za zamani zikaanza kumezwa na nyasi, nawe ukawa na wasiwasi. Ukaninunulia daftari. Ulisema, “Wewe ni mwalimu. Andika njia nzuri, moja moja, na msimu wake. Mimi nikiondoka, watu watapita wapi?”

Tuliandika tatu. Ya kwanza ni ya mgongoni mwa vilima vya Heru. Hiyo uliipenda kuliko zote: nyasi tupu, mtu anaona mbali pande zote, hata mtoto wa miaka saba anaiweza, ila hakuna kivuli wala maji, na upepo wa Julai unapasua midomo. Ya pili ni ya msitu wa miyombo kuelekea Makere. Ulitaka niandike kwa herufi kubwa kwamba mtu asivae nguo nyeusi wala ya buluu, kwa sababu ya mbung'o. Ya tatu ni ya mabwawani, ya kiangazi peke yake, kwenye mafunjo yanayomzidi mtu urefu. Kwa hiyo uliniambia, “Andika: ukisikia vyura wengi, rudi.”

Ya nne ni ya bondeni, toka kijijini kwetu kwenda Kabanga kwa kuvuka mto Nyakabingo. Jioni hiyo nilikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha na darasa la watu wazima lilikuwa likinisubiri. Wewe ulikuwa unaeleza taratibu, kama kawaida yako, ukisimama kukumbuka mti huu na kichuguu kile. Ukasema, “Masika usivukie kivukoni. Kuna mwamba mpana, maji yanatandaa juu yake, hayapiti goti…”

Nami nikafunga daftari. “Kesho, baba.”

Kesho hiyo haikuja. Uliniuliza mara mbili, mara tatu. Kisha ukaacha kuniuliza, ukaenda kukaa na mama mkimenya mihogo.

Februari mwaka jana ulikwenda Kibondo kumzika Stanislaus, mchanjaji mwenzako. Ulipokuwa huko, wifi yangu Esteri, mke wa kaka Kipriani, alishikwa na uchungu wa mimba yao ya kwanza. Siku ya pili asubuhi mkunga akatuambia tusingoje tena, tumpeleke hospitali Kabanga. Daraja la barabarani lilikuwa limechukuliwa na maji, magari hayapiti. Vijana wanane wakajitolea kubeba machela kwa zamu. Mama alisema tupite mlimani. Kipriani akakataa.

“Mlimani ni kutwa nzima. Bondeni ni nusu yake. Mke wangu hana kutwa nzima.”

Hatukumlaumu, na hata leo simlaumu. Nani angetaka kuzunguka?

Tulifika Nyakabingo saa tatu asubuhi. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Melkiadi, mmoja wa wale vijana, mwogeleaji hodari kuliko wote, alijaribu kwa kamba kiunoni na tukamvuta akiwa amemeza maji. Esteri alikuwa amelala kwenye machela chini ya mwavuli, amenishika kidole.

Hapo Kipriani akanigeukia. “Immakulata, wewe ndiye uliyeandika njia za baba. Hakusema mahali pa kuvukia?”

Baba, nilikuwa nalikumbuka neno mwamba. Nalikumbuka neno goti. Lakini kama mwamba uko upande wa juu wa kivuko au wa chini, mbali au karibu, sikujua, kwa sababu hapo ndipo nilipofunga daftari. Kama ningesema hivyo tu, vijana wangegawanyika, wanne juu, wanne chini, tungeutafuta. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kukiri mbele ya watu wote, mbele ya Esteri, kwamba ulitaka kunieleza nami sikutaka kusikia.

Nikasema, “Hapana. Njia hii alikuwa hajaifikia.”

Tulikaa pale hadi saa sita, tukitumaini maji yapungue, nami nikilia kando ya Esteri. Hayakupungua. Tukarudi, tukapanda mlimani. Tulifika Kabanga usiku wa manane. Waganga na masista walifanya yote waliyoweza. Esteri alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Siku mbili baadaye ulirudi, kofia mkononi, umeshasikia habari njiani. Ulimshika Esteri mkono muda mrefu. Kisha ukauliza, “Mlipita wapi?” Kipriani akakueleza. Ulifumba macho.

“Mwamba uko upande wa juu wa kivuko,” ulisema. “Mwendo wa kuchemsha chungu cha maharage, haufiki hata huo. Mngevuka.” Halafu ukanitazama. “Mama, sikukuambia habari za mwamba?”

Uliniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yako. Nikakutazama usoni nikajibu, “Hukuniambia, baba.”

Ukatikisa kichwa. “Basi kosa ni langu. Nimewaelekeza wapita njia miaka yote, nikawasahau wanangu.” Ukamgeukia Kipriani. “Nisamehe, mwanangu.”

Kipriani alitoka nje. Tangu siku ile hakula nawe sahani moja, na ulipomsalimu aliitikia akitazama pembeni. Uchungu wake ulihitaji mahali pa kwenda, nami nilikuwa nimeupeleka kwako.

Wewe ukachukua panga. Kila asubuhi ulikwenda Nyakabingo, mvua inanyesha, ukafyeka njia toka kivukoni hadi kwenye mwamba, ukapanga mawe meupe pembeni ili hata mgeni asipotee. Mama alikusihi ungoje mvua ipungue. Ulisema mwanamke mwingine anaweza kushikwa na uchungu leo. Ulirudi umelowa, unatetemeka. Siku ya kumi na moja ulirudi na kikohozi. Tulikupa dawa, kifua kikazidi. Hata kitandani ulikuwa unamweleza mama mawe mangapi yamebaki.

Ulitutoka Kipriani akiwa shambani. Alikuja mbio, akakukuta umeshafunikwa. Nilimwona amesimama mlangoni na jembe, hajui pa kuliweka. Hata hapo nilinyamaza.

Nilinyamaza msibani, nikanyamaza arobaini. Watu walinipa pole kwamba mimi ndiye niliyekaa nawe zaidi nikiandika maneno yako. Nilipokea pole hizo.

Wiki iliyopita tuliketi kupanga tangazo hili la kumbukumbu yako. Kipriani alitaka iandikwe kwamba ulikuwa baba mwema, lakini neno “mwema” lilimshinda kutamka. Nikaona siwezi zaidi. Nikawaambia yote, mbele ya mama na Esteri: daftari nililolifunga, nilichojibu mtoni, nilichokujibu wewe.

Mama alilia. Esteri alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea. Akasema, “Siku ile nilikushika kidole. Nilidhani unalia kwa ajili yangu.”

“Nilikuwa nalia kwa ajili yako,” nikamwambia.

“Na kwa ajili yako,” akasema.

Kipriani aliuliza jambo moja tu. “Baba alijua?”

“Hapana.”

“Kwa hiyo alikufa akijua kwamba namchukia kwa haki.”

Alitoka, akaenda kukaa kaburini kwako hadi jioni. Mama alimfuata akamkuta anang'oa magugu, anazungumza nawe. Hakutuambia alichosema.

Baba, uliniambia. Ulisema mwamba, ulisema hayapiti goti, na ungesema yote kama ningekaa kidogo. Kosa halikuwa lako hata siku moja. Naliandika hapa, na jina langu, ili kila uliyemwelekeza njia alisome.

Unakumbukwa na mkeo Kolastika, mwanao Kipriani, mkamwana wako Esteri, ndugu yako Leonidasi na jamaa wote wa Kasulu na Kibondo, rafiki yako Bwana Abbasi na wachanjaji wenzako waliobaki.

Na binti yako Immakulata. Nimejiandika mwisho, peke yangu, kwa kuwa Kipriani ameomba jina lake lisikae karibu na langu. Nimekubali.

Baba, hutatoka mioyoni mwetu.