Miche Saba Katikati ya Managu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mtu ameingia kwa sehemu yangu ya shamba la kikundi. Nimekuta miche ya chai, saba, katikati ya mboga zangu za managu! Hapa kwa kiwanda cha zamani, kando ya mto, sheria ya kikundi chetu cha kina mama ni moja: mboga tu. Mboga ni za msimu, lakini chai ikishika mizizi inakaa miaka na miaka. Ukipanda chai umesema ardhi ni yako. Ukishikwa, unafukuzwa. Na sehemu hii ndiyo inatulisha tangu mashine ichukue kazi ya mume wangu Mochama ya kuchuma chai.

Nimeing'oa yote. Nimetupa mtoni.

Jumanne, 6 Mei
Ni Fancy. Nani mwingine? Tunapakana. Aliwahi kuniuliza kama sehemu yangu inanitosha — swali gani hilo? Leo ananisalimia kwa Kikalenjin, ati "Chamgei, Gesare," meno yote nje. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 8 Mei
Imerudi! Saba mingine, tena imemwagiliwa maji. Nimeshindwa kunyamaza. Nimemwambia Fancy mbele ya kina mama wote kwamba anataka nifukuzwe achukue udongo wangu. Akasema, "Kwetu Kimulot tuko na chai, Gesare. Hii yako nitafanyia nini?" Nikamjibu wenye mashamba ndio hawatosheki. Jerusa, mwenyekiti wetu, amesema kesho saa nne kamati itakagua.

Ijumaa, 9 Mei
Nimefika saa moja asubuhi, nikajificha nyuma ya boila yenye kutu. Nilitaka kumshika Fancy.

Akaja mtu na mtungi. Akainama, akashindilia udongo kwa kidole gumba. Mochama! Mume wangu!

Nikatoka. Hakushtuka hata. "Miaka kumi na tisa nimechuma chai ya watu," akasema. "Kwetu Nyamira ndugu zangu waligawana shamba nikiwa huku. Hii ndiyo yangu." Nimepandwa na hasira, na huruma pia, yote pamoja. Nikamwambia ang'oe. Amekataa. Amekaa kando ya miche yake kama amekaa kwake.

Saa nne na robo. Naandika nikiwa juu ya ndoo. Kamati imefika. Wanadhani Mochama amekuja kunilindia sehemu. Jerusa hakuniuliza kitu — jana nilishasema ni Fancy. Amesimama kwa Fancy, anamwambia akusanye jembe lake. Fancy analia, anaapa kwa watoto wake. Mochama ananitazama.

Bado naandika. Sijasimama kusema ukweli.