Kijiko Kimoja cha Shangazi Verna

Bayou Lafourche,
Louisiana.
8 Machi 2016

Mpendwa mdogo wangu Nolan,

Hujambo huko Alaska, na baridi inasemaje? Mkeo Tess na ujauzito wake wanaendeleaje? Huku sote wazima isipokuwa Baba, na kwa kweli sijui nianzie wapi.

Unakumbuka alivyokuwa akikwamwa na chakula. Jumatano alikwenda hospitali kupanuliwa umio, ile njia ya chakula kifuani, kwa mpira, kazi ya nusu saa, arudi kula mchana nyumbani. Kumbe wakautoboa. Daktari alikuja mwenyewe kuomba radhi, nami nikamwambia asante. Mpaka leo sielewi nilikuwa nashukuru nini.

Sasa analishwa kwa mshipa. Haruhusiwi kumeza hata maji, ili tundu lipate kujifunga. Utani haujamtoka: "Kwaresima hii nimewapita hata mapadri." Nyumbani nako majirani wanaleta masufuria kama uwajuavyo, na kuyakataa huwezi. Friza imejaa chakula cha mtu asiyemeza.

Juzi Jumapili Shangazi Verna alikuja wodini na chupa ya gumbo, ile supu yake nzito ya kamba na bamia. Nilikuwa msalani, niliporudi nikamkuta Baba anajifuta mdomo.

"Kijiko kimoja tu, Odile, usinitolee macho," akasema Shangazi. "Nani alishakufa kwa supu ya dada yake?"

Alipoondoka, Baba akanishika mkono. "Ukimtaja Verna kwa daktari, usiniite baba tena."

Jana homa ikapanda. Madaktari wanashangaa, maana wanaamini hajameza kitu. Mmoja anasema tusubiri, mwingine anataka kumpasua kifua kesho asubuhi. Wananiuliza kama kuna jambo lolote, nami natikisa kichwa. Shangazi naye hachoki kupiga simu kuuliza kama kaka yake aliisifu gumbo. Nimechanganyikiwa, Nolan. Nikisema namsaliti, nikinyamaza sijui namfanyia nini.

Nilitaka unishauri, lakini simu yako haipatikani wiki hii, barua nayo itakufikia baada ya wiki, na kesho haitaningoja.

Msalimie sana Tess, na kaka yake Merle mkionana. Mungu awalinde na huyo mtoto ajaye.

Nikishaifunga bahasha nakwenda kumwambia daktari. Baba akikupigia kusema hana binti, mwambie mimi baba bado ninaye.

Dada yako akupendaye siku zote,
Odile