Machela Yenye Jina la Fransiska

Masieda, Mbulu
18 Januari

Kaka yangu Gidion,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mirerani, na kwamba kile kifua ulichosema kinakubana kwa vumbi la shimoni mgodini kimepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mvua zilichelewa lakini zilikuja, maharage yamebeba vizuri, na ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama dume. Barua hii nampa Festo, dereva wa lori la vitunguu swaumu, akukabidhi mkononi. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu ungenikatiza, na nikikatizwa sitamaliza.

Uliniomba nikuandikie habari za chama chetu cha afya tangu ulipoondoka, kwa sababu unataka kurudi kubeba wagonjwa pamoja nasi. Nakuandikia zote.

Ulituacha mwezi wa tatu tukiwa wanaume tisa, na machela moja ya miti ya mkaratusi uliyoikata mwenyewe. Leo tuko kaya tisini na sita. Nesi Hilda wa zahanati alikuwa anapanda huku kila Jumamosi kutufundisha. Alitufundisha kufunga mfupa uliovunjika, kumlaza mtu anayetoka damu miguu ikiwa juu, kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Jumapili baada ya misa tunapima watu presha nje ya kanisa. Mwezi wa saba tulitoa damu, watu arobaini kwa siku moja, na wageni kutoka wilayani wakaja kutupiga picha. Tukashona fulana za kijani. Firimbi ikilia, vijana wanaacha majembe shambani na kukimbia. Kutoka kwetu mpaka barabarani linapofika gari la wagonjwa, zamani ilikuwa mwendo wa saa tatu. Sasa ni saa moja na nusu. Chama ulichokianzisha kimekua, kaka, na watu wa kijiji cha Daudi wamekuja kujifunza kwetu.

Lakini kadiri tulivyokua ndivyo tulivyobadilika. Mwezi wa nne Mzee Joakimu alisimama kwenye kikao akasema kuna watu wanajificha firimbi ikilia, kisha wakiugua wanataka mabega ya wenzao. Tukaweka sheria kwamba kaya isiyobeba haibebwi. Nesi Hilda alipinga, akasema mgonjwa haulizwi uanachama. Watu wakamcheka, wakamwambia yeye ni mgeni. Wiki mbili baadaye mfugaji mmoja kutoka uwanda wa Hanang, aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake, alianguka kwenye korongo akavunjika mguu. Tulimkuta pale. Gervasi, ambaye wewe mwenyewe ulimleta kwenye chama, alimuuliza yeye ni mwanachama wa wapi. Tukamwacha kwenye jua mpaka ndugu zake walipofika jioni. Baadaye tulisikia mguu umekatwa. Siku ile tulicheka, kaka. Na mimi nilicheka.

Sasa nakuja kwako.

Utakumbuka ulinitumia ujumbe ukisema, "Agustino, nishikie zamu zangu za kubeba mpaka nirudi Desemba, nyumba yangu isihesabiwe imekimbia." Nilikujibu sawa kaka. Kikao cha mwezi wa tano kilikuwa cha kuchagua mwenyekiti. Mzee Joakimu alisema kiti ni cha Gidion, hata kama yuko mbali, atunziwe. Watu wote wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Nilikuwa nimebeba mara kumi na moja tangu uondoke, bega langu lilikuwa limechubuka, na hakuna aliyetaja jina langu. Nilisimama. Nikawaambia nimeongea na wewe kwa simu, na umesema huwezi kuwa punda wa kubeba wagonjwa wa watu, na usitajwe tena kwenye chama.

Maneno hayo hukuyasema wewe. Niliyatunga pale pale, nimesimama, na ujumbe wako ukiwa mfukoni mwangu.

Walikasirika sana. Walifuta nyumba yako kwenye chama, wakanichagua mimi. Shemeji Fransiska alisikia, akaja kikaoni Jumamosi iliyofuata na mimba yake ya miezi mitano. Alisema mume wake hawezi kutamka hivyo, akaomba mtu akupigie wote wasikie. Nikasema simu yako haipatikani. Akasema basi yeye mwenyewe atabeba. Wanaume wakaangua kicheko. Nilimsindikiza mpaka nyumbani, nikamwambia asikusumbue na jambo hili, mtu aliye chini ya ardhi asipewe mawazo, mimi nitalimaliza taratibu. Aliniamini. Alinishukuru, akanipa maziwa ya mgando nimpelekee mke wangu Sara.

Mwezi wa tisa, asubuhi, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na damu ikaanza kutoka. Mama alipiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde. Kijana wa zamu hakujua ni nyumba ya nani, akapuliza firimbi. Tulikusanyika zaidi ya wanaume thelathini na machela mbili. Mama alipofika akasema ni Fransiska, kila mtu akanigeukia. Gervasi akauliza, "Mwenyekiti, unasemaje?"

Kaka, ningesema neno moja tu wangekimbia. Wengine walikuwa wameshashika miti. Lakini niliona kwamba nikisema twende, wataniuliza kwa nini nyumba ya ndugu yangu isamehewe, na nikianza kujibu, yote yatatoka. Nikasema, "Sheria tuliiweka wenyewe." Wakaweka machela chini. Wakakaa kwenye nyasi.

Mama alinipigia magoti, mimi mtoto wake, mbele ya watu. Nilitazama pembeni. Nesi Hilda alitokea mbio, akatuangalia wote, akaenda kwa Fransiska. Yeye, mama na wanawake wawili walimbeba Fransiska kwenye blanketi. Wanasema njia nzima aliuliza kama Agustino ameshafika. Walipofika kwenye kijito alikuwa amekwisha, na mtoto hakutoka. Tangu siku hiyo Hilda hajapanda tena huku.

Ulipokuja kuzika nilikwambia alificha uchungu mpaka ukachelewa. Ulilia ukisema kwa nini alikuwa na aibu na watu wake. Uliona watu walivyokukwepa makaburini, ukadhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Waliamini ni wewe uliyekataa kubeba, na kwamba mke wako amekufa kwa maneno yako. Mama hakukupa mkono kwa sababu hiyo.

Sikudanganyi kwamba nimeandika kwa sababu dhamiri imenisuta. Imenisuta, lakini ningeendelea kukaa nayo. Nimeandika kwa sababu mwezi uliopita Festo alishusha ile machela ya chuma uliyotununulia, nyepesi, yenye mikanda, na jina la Fransiska limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Gervasi aliishika akaniuliza mtu aliyekataa kuwa punda anawezaje kutuma kitu kama hiki. Nikajibu kwamba unajuta. Wakakubali, wakasema angalau umejuta. Hata hapo, kaka, nilikuwa na nafasi.

Na Jumanne iliyopita firimbi ililia kwangu. Sara alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Walikuja wanaume hamsini. Walichukua machela yako kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote, wakamfunga mikanda, wakapokezana wakikimbia mpaka barabarani, na mimi nakimbia pembeni, mkono wangu ukigonga jina lile kila hatua. Amejifungua salama kwa kisu. Ni msichana. Wote wawili wazima. Bibi mmoja wodini aliliona jina akauliza kama Fransiska ndiye mama wa mtoto. Nilisema hapana, nikatoka nje.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Sijawaambia wanachama. Jumamosi wananichagua tena, na hakuna jina jingine. Ujumbe wako wa zamu bado ninao kwenye simu, sijaufuta. Ukija, nitawasomea mbele yako. Usipokuja, sijui kama nitaweza, nakuambia kweli. Lolote utakalotaka kunifanyia, milango ya nyumba yangu unaijua.

Sara anakusalimu sana, hajui lolote. Gervasi na wenzake wamesema nikufikishie salamu zao na asante ya machela. Mtoto bado hatujampa jina. Mama nilimuuliza kama ana neno la kukutumia. Alikuwa anapepeta maharage, akaniambia hana mtoto Mirerani.

Ni mimi mdogo wako,
Agustino Tluway