Kiti cha Mama

Dada mpendwa,

Hapa tuko salama, na cherehani ya Mama imetengenezwa. Umeuliza kwa nini Mama ameacha kutokea kwenye vipindi vya ushonaji. Hajaacha. Kila wiki anakaa kushoto kwa Shangazi, wanafundisha pamoja. Kwenye televisheni wanaonekana wote wawili. Lakini video ya simu, unayotazama wewe, ni ya kusimama, nyembamba, na mimi ndiye ninayeikata kutoka kwenye picha pana ya televisheni.

Mwanzoni niliisogeza picha kwa Mama kila alipozungumza. Shangazi akaniita.

"Mwanangu, watu wananifuata mimi. Mama yako abaki huko kwenye televisheni na wazee wenzake."

Studio ni yake. Nikamwachia Shangazi picha yote, unanijua.

Mama anadhani haonekani kwenye simu kwa sababu ya kiti, basi kila wiki anakisogeza karibu na Shangazi.

"Wifi, mwisho utanikalia mapajani!" Shangazi anacheka. Mama naye anacheka.

Wiki hii alijishonea gauni la kijani. "Sasa dada yako ataniona, hata kwenye kisimu chake."

Nimeshaikata video ya wiki hii, Dada. Umebaki mkono mmoja wa kijani, unampa Shangazi mkasi.

Tafadhali, tafuta televisheni.

Mdogo wako