Kumtazama Mzee Machoni

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leo mwalimu Ildefonsi kaingia karakana na tangazo, kalibandika ukutani mwenyewe. Kakaa pembeni kutuangalia tunavyosukumana kulisoma.

Nafasi mbili! Miezi minne Lithuania, chuo cha ufundi, umeme wa majumbani na umeme wa jua. Kumbe huko Ulaya vijana wao wanabadilishana nchi kila mwaka. Fundi wa Ureno anakwenda Finland, wa Finland anakwenda Ugiriki, wanajifunza kazi kisha wanarudi kwao. Mwaka huu wameacha mlango wazi kidogo kwa vyuo vya nje wanavyoshirikiana navyo, na chuo chetu cha Kasulu kimo. Nauli juu yao, chakula juu yao, mpaka koti la baridi juu yao.

Nikasema moyoni, moja yangu. Claudine naye kaniambia nyingine ni yake na nisimletee mdomo. Huyu ndiye tunashikiana ngazi tangu mwaka wa kwanza. Mimi nikiwa juu ya dari yeye yuko chini, kesho tunabadilishana. Kwao Kibondo. Wazazi wake walitoka Burundi yeye hajazaliwa, sasa ni raia kama mimi, na akikasirika anagomba kwa Kirundi ili nisijibu. Lakini najibu! Mama yangu Muha wa Titye, na Kiha na Kirundi ni ndugu, maneno yote nayasikia.

Jioni nimekwenda dukani kumwambia Baba. Alikuwa anapima kitenge. Kauliza, "Hiyo Lithuania iko mkoa gani?" Wateja wakacheka. Kakata kitenge, kakikunja, ndipo kasema niombe, tuone.

Tutaona!

Jumanne, 20 Januari

Intavyuu imeisha. Naandika haraka kabla sijasahau nilivyokuwa mzuri.

Ofisini kwa mwalimu, mbele ya kompyuta. Upande wa pili watu wawili. Mama mmoja anaitwa Daiva, na mzee mwenye nywele nyeupe pee, mkuu wa idara yao ya umeme. Nikawasalimia sawasawa, si kwa kukimbiakimbia. Habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Halafu sijui nini kikanituma nikauliza na ng'ombe. Mzee akasema hana ng'ombe. Nikampa pole! Mwalimu Ildefonsi akakohoa.

Baada ya hapo moto. Maswali yote nimejibu, kwa Kiingereza, bila kigugumizi. Mzee anauliza, mimi natulia, macho chini, mikono mapajani, najibu. Baba ametulea hivyo. Mtu mzima akisema nawe humkodolei macho kama mwenzako. Nadhani hata Wazungu wameona kwamba nimetoka kwenye nyumba ya watu.

Alhamisi, 22 Januari

Claudine kapata. Mimi nimekatwa.

Sababu: nilikuwa nasoma majibu! Wamesema mwombaji hakuinua macho hata mara moja, ni dhahiri alikuwa na karatasi chini ya meza.

Mimi?! Zaitun Tamimu nisome karatasi kueleza saketi breka? Vitu ninavyoviota usingizini? Nimetaka kuvunja kitu. Nimeshika koleo, nikalirudisha, maana ni la chuo.

Mwalimu Ildefonsi kaona haya kuliko mimi. Kasema yeye alikuwamo ofisini, karatasi hakuiona kwa sababu haikuwapo, na atawaandikia leo leo. Nikamuuliza Claudine yeye alifanyaje. Kasema aliwatazama tu. Mama yake alikuwa anauza mboga kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, basi yeye tangu mdogo amezoea kubishana bei na watu wa mashirika, jicho kwa jicho. "Weye chini ulikuwa unatafuta nini?" kaniuliza. "Shilingi imedondoka?" Kisha akalia yeye, mwenye nafasi yake! Mimi sikulia. Nililia chooni, kidogo.

Ijumaa, 23 Januari

Nimemwambia Baba baada ya swala ya Ijumaa, tukiwa mezani. Sikutaka, Mama ndiye kanisukuma.

Baba kaweka kijiko chini. Kasukuma wali pembeni. Halafu! Sijawahi kumsikia hivyo. "Kwa hiyo adabu niliyomfundisha mwanangu, mimi Tamimu, kwao ni wizi?" Kasimama, kakaa, kasimama tena. Mama akaondoa sahani maana aliona mkono wa Baba unatafuta cha kutupa. Nikajua ndio basi, sasa atasema hatuendi kubembeleza watu wanaotutukana.

Simu ikalia. Mwalimu Ildefonsi. Wazungu wamekubali kunisikiliza tena Jumatano ijayo, mara moja, na baada ya hapo hakuna tena.

Baba kasikia yote, maana mwalimu anaongea na simu kama anaita mtu Kibondo. Kavuta kiti, kakiweka mbele yangu, kakaa magoti yakigusana.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuinamisha macho. Basi mimi ndiye nitakayekufundisha kuyainua. Niangalie."

Sikuweza. Nimejaribu jamani! Nimeangalia ndevu. Nimeangalia paji la uso. Baba kasema, "Hilo ni sikio, Zaitun." Mama kacheka mpaka kakaa chini. Mimi shingo inauma, kama naambiwa nimvue Baba kofia mbele za watu.

Jumapili, 25 Januari

Mazoezi yamehamia dukani. Baba juu ya robota la vitenge, miwani ya Mama puani, yeye ni yule mzee wa Lithuania. Kiingereza chake kinaishia "gudi praisi", kwa hiyo Mzungu wetu anahoji kwa Kiswahili. "Wewe binti! Umeme ni nini? Na huku kwetu utatusaidia nini?" Wateja wanasahau walichofuata. Mama mmoja kutoka kijiji cha Kitanga kasimama na kanga yake begani, kila nikiinamisha macho ananipigia kelele, "Juu! Juu huko!"

Na leo nimeweza.

Nilimtazama. Nikahesabu pumzi, nikaendelea kumtazama. Baba ana macho ya kahawia yaliyopauka pembeni, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Nina miaka ishirini na miwili, nimekula naye, nimesali nyuma yake, sikujua. Nikampenda ghafla, nikampenda vibaya, mpaka jibu langu la mita ya umeme likanipotea. Na yeye alikuwa ananitazama hivyohivyo, kama mtu aliyekuja kununua akakuta anamfahamu muuzaji.

Yeye ndiye aliyeshindwa kwanza. Kavua miwani, kageukia shelfu, kasema nenda kachemshe chai, mteja anasubiri.

Nimemshinda Baba!

Jumatano, 28 Januari — Kibondo

Tuko huku tangu jana kwa mafunzo ya vitendo, wayaringi ya madarasa mapya ya shule ya msingi. Usaili nimefanyia kwa kina Claudine, maana kwao simu inashika vizuri. Mama yake, mama Pelagia, kafukuza mbuzi, kafukuza kuku, kasimama mlangoni kuzuia majirani wasije na salamu zao za amahoro.

Kila kitu tayari. Simu imeegemezwa kwenye sufuria. Daiva huyo, mzee huyo. Nainua macho, nafungua mdomo — mvua! Si mvua, mawe, juu ya bati. Naona midomo ya mzee inacheza, sisikii kitu. Napiga kelele, naye kaweka mkono sikioni. Nikaona nafasi yangu inaondoka na maji.

Mama Pelagia kanishika mkono. "Jikoni! Jikoni ni nyasi!" Nikakimbia na simu, Claudine nyuma na sufuria. Kweli, jiko la nyasi kimya kabisa, mvua unaisikia kwa mbali. Ila maharage yapo motoni na kuni mbichi. Moshi!

Nikakaa. Nikamtazama mzee machoni. Macho yanawaka, machozi yananichuruzika mpaka kidevuni, sikufumba, sikuinama, sikupangusa. Daiva kauliza kwa upole kama nalia, tunaweza kupumzika. Nikamwambia silii, ni kuni. Claudine kazungusha simu kidogo wayaone maharage.

Mzee kaniuliza nyumba ambayo breka inaruka kila mvua ikinyesha, naanzia wapi. Nikasema naanzia pale maji yanapoingia, taa za nje na soketi za nje, nazima zote, nawasha moja moja mpaka ile mbaya ijitaje yenyewe. Na ngazi ya chuma siigusi kabla ya kukata meni swichi. Kaandika kitu.

Kisha kauliza kwa nini mara ya kwanza nilikuwa naangalia chini. Nikamweleza. Kwetu mzee humkazii macho, ukimkazia umemdharau, na wewe ni mzee. Kauliza, sasa mbona leo unanitazama?

Nikasema, "Baba yangu amenipa ruhusa."

Daiva akamgeukia mzee. Halafu mzee kasema yeye ndiye aliyeandika kwamba nilikuwa nasoma, alikosea, ananiomba radhi. Mzee wa nywele zile kuniomba radhi mimi, jikoni, mbele ya maharage! Kidogo tu ningeinamisha macho tena. Sikuyainamisha.

Tukala yale maharage. Yalikuwa yameungua chini. Matamu.

Jumatatu, 2 Februari

NIMEPATA!!!

Nimepata nimepata nimepata. Mwalimu kasoma jina langu mbele ya karakana nzima na sauti ikamkatika katikati. Claudine kanibeba mgongoni mpaka getini. Siandiki zaidi, nakimbilia dukani kwa Baba.

Ijumaa, 6 Februari

Leo nyumba imejaa. Pilau sufuria mbili. Mama Pelagia na Claudine wamefika kutoka Kibondo na mikungu ya ndizi, wakaanza kumkumbatia Mama kabla hawajaitua. Mwalimu Ildefonsi kala, kapumzika, kala tena. Katutangazia masharti yake: tukirudi tutafundisha mwaka wa kwanza, yote tutakayoyaona huko, hakuna kuficha. Nikamwambia nitawafundisha mpaka waombe likizo.

Baba sasa ndiye bingwa wa Lithuania. Wiki nne zilizopita alitaka kujua iko mkoa gani! Leo anawaeleza watu wa soko kwamba wana maziwa mengi ya kuvua samaki kama sisi na mkate wao ni mweusi. Nimemkuta nje anamwelekeza muuza ndala jinsi ya kumtazama Mzungu wakati wa usaili: "Si kama unamtishia. Kama unampimia kitambaa, asije akakuambia umempunja." Anatembea Kasulu nzima kifua mbele. Nami kifua mbele, kwa nini nijifiche? Nimefanya kazi, nimetukanwa, nimerudi, nimeshinda. Kuna wasichana wawili wa kidato cha nne wamekuja kuniuliza kama umeme unauma. Nimewaambia unauma sana, njooni.

Limebaki jambo dogo. Jumatatu mwalimu anapeleka majina ya mwisho, na kwanza anataka kusikia kwa mdomo wa wazazi kwamba wameridhia. Mama Pelagia kaliridhia hapohapo, mdomo una pilau. Baba kasema atampigia Jumatatu asubuhi, maana Jumapili kaka yake anakuja kutoka Ujiji na si vizuri apitwe.

Jumapili, 8 Februari

Baba mkubwa Twalibu amefika. Ndiye aliyemlea Baba baada ya babu kufariki. Duka hili alilichagua yeye, sehemu hii ya soko aliichagua yeye, na jina langu alinipa yeye. Baba hajawahi kumkatalia neno. Sijawahi hata kumwona akimaliza chai kabla yake.

Wako sebuleni, wawili. Mama mkekani karibu na mlango. Mimi chumbani nyuma ya pazia, naandika ili nisitoke nikaharibu.

Baba mkubwa hapigi kelele, ndilo linalonitisha. Anasema hongera ameisikia mpaka Ujiji. Anasema lakini, Tamimu, mtoto wa kike, hajaolewa, miezi minne kwenye mapaa ya watu, kwenye barafu, katikati ya wanaume, nani yuko naye? Akianguka nani anamwokota? Anasema shule za hapa hazimtoshi? Anasema kesho mwambie huyo mwalimu nafasi ampe mwingine. Yeye neno lake ndilo hilo.

Baba kasema, "Ndiyo, kaka."

Ndiyo! Nimeuma ushungi nisilie kwa sauti. Ndiyo ya nini? Kwa nini ulinikalisha kwenye kiti kile?

Vikombe. Mama anapiga magoti, nasikia chai inamiminwa.

Baba kasema tena, "Ndiyo, kaka, nimekusikia." Polepole, kama anapima. Kasema ila aliyehojiwa na wale watu si yeye. Umeme haujui, Lithuania haijui, na kama mtu atazijibu hofu za kaka yake moja moja, ni yule atakayepanda hayo mapaa. Yumo humu ndani.

Baba mkubwa kauliza, tangu lini mabinti wanaitwa kwenye mazungumzo ya wakubwa?

Baba kasema, tangu leo. Sauti ndogo, inatetemeka. Lakini kaisema! Halafu kamwambia Mama, "Mwite fundi."

Hakusema mtoto. Hakusema Zaitun.

Mama yupo kwenye pazia, ananiashiria niache kuandika, nasubiriwa. Nabadilisha ushungi, huu umelowa. Sebuleni viti vilikuwa viwili. Nasikia cha tatu kinaburutwa