Mama Mkwe Amekuja Kulea Mjukuu, na Mjukuu Mwenyewe ni Boga

Mpendwa Shangazi Flavia,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nikalia, na sasa nalia tu. Mimi ni mke wa mtu hapa Tabora mjini, kwetu ni Bukene, mume wangu nitamwita Hamdun, ana duka la nafaka, na tuna mtoto mmoja wa kiume, Bader, ambaye hajatimiza hata mwaka, na kwa mapenzi ya Mungu mimba nyingine imeshaingia na sasa ni ya miezi sita. Tuliona aibu, Shangazi, maana mtoto bado yuko ziwani na majirani zetu wanajua kuhesabu miezi ya watu, basi nikanunua madera mapana nikajifunika, tukakubaliana na Hamdun tusimwambie mtu mpaka itakapobidi.

Sasa pale kliniki muuguzi alisema mwenye watoto wanaofuatana karibu amwandae yule mkubwa mapema, amzoeshe kumwona mama kapakata mtoto mwingine, na kweli Bader alihitaji kuandaliwa, kwa sababu ana wivu ambao sijui kautoa upande gani, nikipakata hata sinia la mchele analia na kulipiga teke. Tukamnunulia mwanasesere, akamng'oa macho. Hamdun akasema mwanasesere ni mwepesi mno, mtoto anajua anadanganywa, akaenda dukani akachagua boga moja refu lenye kijishingo, akaliweka kwenye mizani, likaja kilo tatu na kidogo, akarudi amelikumbatia anasema, "Mama Bader, huu ndio uzito wenyewe."

Tukalivisha kofia ya sufu, tukalizungushia shali, nikawa nalipakata asubuhi na jioni, na dawa ikafanya kazi, Shangazi, sikufichi. Siku za mwanzo Bader alilichapa makofi, kisha akaanza kulibusu, sasa halali bila kulishika. Laiti tungeishia hapo.

Jirani yangu Bi Asmahani aliingia kuazima ungo, na yeye huwa hapigi hodi mpaka awe ameshafika jikoni, akanikuta mkekani na boga begani nalipigapiga mgongo libeue, maana Bader alikuwa anatazama na nilitaka aone kazi ya mtoto ilivyo. Kabla sijafungua mdomo alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka stesheni. "Wee Mama Bader! Umejifungua kimya kimya! Kumbe ndiyo maana ya madera!" Nikataka kusema, wakaingia wengine watatu. Na unajua desturi yetu, mtoto mchanga hafunuliwi uso mpaka arobaini iishe, kuna vijicho, basi kila aliyekuja aliangalia kofia tu akasema mashaallah, mtoto mpole huyu, hata halii. Mmoja alisema amefanana na baba yake, Hamdun akanuna siku nzima.

Wameleta sabuni, khanga, kuku, dumu la asali, na uji wa pilipili manga ambao niliunywa, sikatai, nilikuwa na njaa. Hamdun naye, mwanamume mzima, anapongezwa dukani anajibu ahsanteni sana.

Hayo yote ningeyamaliza kwa kuomba radhi kama si mama mkwe. Yeye anakaa Igunga kwa mwanawe mkubwa, na alitaka Hamdun amwoe binti wa kaka yake, kwa hiyo mimi hakunipenda tangu posa, na nilipomzaa Bader alituma salamu tu, hakuja, nasi hatukumwita, na mama yangu mzazi ameshatangulia mbele ya haki, nikawa nafua nguo za mtoto mwenyewe na nimeshonwa, na Hamdun akipika wali, chini umeungua, juu mbichi. Sijui nani alipiga simu Igunga, ila siku ya pili tu mama mkwe alishuka kwenye basi na sanduku lake na jogoo kwapani. Akampokea boga, akaketi, akalitazama muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akasema, "Mwanangu, nenda kapumzike." Tangu niolewe hajawahi kuniita mwanangu. Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli, nikaenda kulala.

Tangu hapo nalala mchana. Ananipikia, anambeba Bader, jioni ananisugua miguu maana imeanza kuvimba. Kila asubuhi anamchukua boga kwenda kumwogesha, anafunga mlango, anatoka anasema, "Tayari, kalala." Bi Asmahani alikuja na mkaja wa kunifunga tumbo na mwanamke wa kunikanda kwa maji ya moto, nikajua leo nimeumbuka, lakini mama mkwe akawarudisha mlangoni, akasema kwao Igunga mkaja haufungwi mapema. Mashemeji wanataka akika ifanyike Ijumaa na mtoto anyolewe nywele, mama mkwe kila akiulizwa anasema mbuzi bado kakonda, lakini mbuzi huyo nimemwona, Shangazi, hata kutembea anatembea kwa shida kwa unene.

Halafu kuna jambo linalonitisha. Boga lilikuwa limeanza kulainika upande mmoja na kuingia doa jeusi, nikawa nalilazia upande huo ili lisionekane. Juzi mama mkwe alitupikia maboga ya karanga, matamu mno, hata Hamdun aliongeza sahani, na tulipokwisha kula nikaenda kulifungua shali, nikakuta doa halipo. Limepona. Boga limepona, Shangazi! Hamdun anasema tumwite mtu alisomee. Je, yawezekana ni jini?

Na kubwa linaloninyima raha ni hili, kwamba nikisema ukweli mama mkwe ataona nimemfanyia dhihaka, atafunga sanduku arudi Igunga na hatanisamehe maisha, na nisiposema, mwanangu wa kweli atazaliwa na hatakuja mtu, maana arobaini yangu nimeshaimalizia kwa boga, na mwanamke hajifungui mara mbili ndani ya msimu mmoja, nitabaki peke yangu na wawili, mmoja hajatembea na mwingine shingo haijakaza. Nifanyeje?

Mama Bader, Tabora

SHANGAZI FLAVIA ANAJIBU

Marahaba, Mama Bader.

Umeniomba nisicheke. Nilijikaza mpaka ulipofika kwenye mizani, hapo nikashindwa, na wenzangu humu ofisini wakaniletea maji wakidhani nimepata msiba.

Nianze na mumeo, kisha nikugeukie wewe. Mwanamume mwenye ujasiri wa kulivisha boga kofia anakosaje ujasiri wa kusema "jamani, hili ni boga"? Lilikuwa neno la dakika moja, siku ya kwanza, na mtaa ungecheka ukalala. Nawe aibu ya nini? Mimba ni ya ndoa, baba yake yupo, na majirani wanaohesabu miezi hawakulishi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha, ukazaa boga.

Sasa hilo jini. Boga haliponi, mwanangu. Halijawahi kupona tangu dunia iumbwe. Likiingia doa, linaoza, na mpishi mwenye akili huliwahi. Soma tena barua yako mwenyewe. Siku doa lilipotoweka, mlikula nini? Naam. Na Hamdun akaongeza sahani. Hapo hakuna wa kusomewa. Kuna mama mtu mzima aliyekwenda sokoni na kitambaa chake kichwani, akageuzageuza maboga mpaka akapata linaloingia kwenye kofia ile ile.

Mama mkwe wako anajua. Anajua tangu alipolipokea mikononi, na nadhani alijua na lililomo tumboni mwako kwa kukutazama tu, ndiyo maana aliwafukuza wale wenye mkaja na maji ya moto. Na hapo sikutanii hata kidogo: mwenye mimba hafungwi tumbo wala hakandwi, atakayekuja tena na mkaja mfungie mlango. Angekuwa amekubali siku ile, leo ungeniandikia barua nyingine kabisa.

Utaniuliza, kama anajua, mbona ananyamaza? Mimi mwenyewe ni mama mkwe wa wawili, nitakuambia. Alipokosa kuja kwa Bader, kila siku iliyopita ilimwongezea uzito wa kuja. Aje aseme nini? Ninyi hamkumwita, naye hakutaka kujialika. Boga likampa sababu ya kupanda basi. Leo akitamka kwamba ni boga, basi hakuna mzazi wa kuhudumiwa, na ugeni wake umekwisha, itabidi afunge sanduku. Kwa hiyo mmekaa nyumba moja wanawake wawili, mnapokezana kulibembeleza boga, kila mmoja akiogopa kwamba mwenzake akijua atamwacha. Nimeandika ukurasa huu miaka mingi, sijapata kuona upendo wa kipuuzi namna hii.

Fanya hivi, na ufanye leo, usisubiri Ijumaa. Hamdun mtume dukani abaki huko. Mwite mama mkwe chumbani, wewe uketi kitandani naye aketi karibu yako. Usimletee hotuba. Shika mkono wake uuweke tumboni mpaka mtoto acheze, kisha useme, "Mama, mjukuu wako yuko huku. Naomba usiondoke." Radhi utaomba baadaye, huku mnamenya viazi.

Bi Asmahani mwachie mama mkwe. Ninavyomwona kwa barua yako, atamweleza vizuri, na atahakikisha siku nyingine anapiga hodi. Mashemeji waambiwe akika itafanyika atakapopatikana mwenye nywele. Khanga na sabuni usirudishe, ila wenyewe waambiwe ukweli, na atakayetaka kitu chake apewe bila kununa. Bader mwachie boga lake mpaka litakapoharibika, lakini msimpikie.

Miguu inayovimba si ya kusuguliwa tu. Kesho asubuhi nenda kliniki wakupime presha, na umwambie muuguzi waziwazi kwamba watoto wako wanafuatana karibu, umuulize kuhusu kunyonyesha na vidonge vya kuongeza damu, na upange naye utakapojifungulia. Ukishajifungua, nendeni wawili, wewe na Hamdun, mkaongee habari za uzazi wa mpango, ili safari ijayo mpumzike kidogo kabla mumeo hajaanza tena kupima mboga.

Na hofu ya kwamba hatakuja tena mtu kwa mtoto wa kweli, iondoe. Majirani huenda wakachoka. Lakini mwanamke aliyezaa na kulea, akajifungia bafuni kila asubuhi na boga ili apate kukaa karibu nawe, huyo hataki kurudi Igunga. Anangoja tu umwambie abaki.

Shangazi Flavia