Mkono wa Baba Mkwe Dirishani

Nyaramba, Jumapili

…na ndiyo maana hata sasa siwezi kutulia, Tata. Barua hii nimeianza mara mbili, na mara zote nimeinuka kuchungulia kama baba mkwe bado yuko kwenye kiti chake nje. Yuko. Anakohoa. Nimerudi.

Hukubahatika kumwona Mokaya wangu. Ungempenda, baba yangu! Ni mwalimu wa shule ya msingi, huimba akinyoa ndevu, na huu mwezi wa tatu tangu anioe bado hupanda mlima mbio akitoka shuleni, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. "Nimekusahau wewe," husema.

Lakini furaha yangu ina hofu ndani yake, na hofu hiyo niliipata kwako. Ile asubuhi nyumbani kwetu Nyacheki ulianguka katikati ya michai, mdomo umevutwa upande mmoja, unataka kuniambia neno nami silielewi. Watu wakasema umerogwa. Siku nne tulitafuta mchawi. Siku ya tano ukaondoka. Nilikuwa kidato cha tatu, naweza kuchora moyo wa chura na vyumba vyake vyote, na wako sikujua lolote juu yake.

Mwaka huu madaktari wamefika kwetu. Wanasema si hapa tu; katika nchi nyingi za dunia, tajiri na maskini, watu wamechoka kungoja mtu aanguke. Wanampima presha angali mzima, sokoni, shambani, nyumbani kwake. Walitafuta vijana waliosoma sekondari wa kuzunguka boma kwa boma, nami nikachukuliwa. Tulifundishwa kufunga kitambaa mkononi, kukijaza upepo kwa kipira, kusikiliza kwenye kiwiko na kutazama zebaki ikishuka. Wa kwanza kumpima alikuwa Mokaya. Moyo wake ulikwenda mbio hata nikaogopa. Akacheka: "Umenishika mkono, kisha unataka moyo utulie?"

Nimepima kilima kizima, Tata. Aliyenishinda ni baba mkwe peke yake. Unaijua ensoni, ile heshima yetu: mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hamsogelei, wala jina lake halitaji. Naye ndiye niliyehofia afya yake kuliko ya wote. Kila asubuhi kichwa kinamuuma, na mboga huitia chumvi kabla hajaionja. Mwenzangu Ombati alikuja kumpima badala yangu, akafukuzwa. "Mimi siumwi! Mnanipima kama fahali wa mnada?" Mokaya alipojaribu, aliambiwa arudi akafundishe hesabu.

Wiki tatu zilizopita nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa jikoni na mama mkwe, na mzee alikuwa nje, amekaa chini ya dirisha. Nikaanza kumsimulia mama mkwe habari zako, kwa sauti kubwa kuliko inayofaa jikoni. Michai. Mdomo. Zile siku nne. Nikasema, "Mama, baba yangu naye alisema haumwi." Hapo machozi yakanizidi. Mama mkwe hakunibembeleza. Aligeukia dirisha akasema, "Wewe Baba Mokaya, umesikia? Ujanani ulifukuza chui, leo unakimbia kitambaa!"

Nje kiti kikalia.

Kisha, Tata, mkono ukaingia dirishani. Mkono tu, shati limekunjwa hadi juu ya kiwiko, ngumi imefumbwa kama ya mtoto anayengoja sindano.

Nilikaa ndani na kisanduku cha zebaki mapajani, nisimwone wala asinione. Mama mkwe alifunga kitambaa kama nilivyomwelekeza, akavaa mipira ya kusikilizia masikioni. "Sasa mshipa unapiga!" alipaza sauti, kana kwamba kiziwi ni mimi. Baadaye: "Umenyamaza." Nilisoma, nikatamani niwe nimekosea. Tukarudia. Ilikuwa ileile, juu ya mstari ambao daktari alituonya kwamba tukiuona tusiondoke kabla ya kumwandikia mtu karatasi ya hospitali.

"Inasemaje?" sauti ya nje ilimuuliza mama mkwe.

"Inasema uache chumvi, na uende Kisii."

Akakohoa. "Basi huyo binti wa Nyacheki aandike."

Nikaandika. Mokaya alimpeleka Kisii, na jioni hiyo nilimkumbatia mume wangu mpaka akasema nitamvunja mbavu. Mzee akarudi na vidonge. Lakini jana, Tata, alimwambia mama mkwe kwamba kichwa kimepona, vidonge sasa ni vya nini? Hilo ndilo linaloniinua kitini kila dakika. Daktari alisema presha inaweza kuwa juu na mtu asisikie lolote. Kwa hiyo kila asubuhi nasimama nyuma ya mlango wa jikoni na kusikiliza mpaka nisikie amemeza. Leo alinung'unika, akataja makaburi na wanawake wasumbufu, lakini alimeza.

Uhai wake ni wa Mungu, huo siwezi kukuahidi. Nakuahidi kwamba sitaona haya kuwa msumbufu.

Lala salama, baba yangu. Ijumaa anarudi Kisii kupimwa. Zebaki iseme itakavyosema, mimi na Mokaya tutakuja Nyacheki kung'oa magugu kaburini kwako, nami nitakupa jibu kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako,
Kemunto